Kasoro Iliyoaminiwa Kabla ya Kuonekana: Historia ya Dhana ya Mteguko katika Fuwele za Metali, 1912–1956

1. Utangulizi

Vitabu vya kiada vya fizikia ya mango husimulia historia ya mteguko kwa aya moja. Husema kwamba mwaka 1934 wanasayansi watatu walitabiri kuwapo kwa kasoro ya mstari ndani ya fuwele za metali, na kwamba mwaka 1956 hadubini ya elektroni ilithibitisha utabiri huo. Kati ya miaka hiyo miwili kuna pengo la miaka 22 ambalo kwa kawaida halielezwi. Insha hii inalichunguza pengo hilo. Swali lake kuu ni hili: wanasayansi walikuwa na haki gani ya kuamini kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, na waliifikia imani hiyo kwa njia gani?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mteguko haukustahili kukubaliwa kwa nguvu ya makala za 1934 pekee, wala haukungoja picha za 1956 ili ukubaliwe. Ulipata uthabiti kati ya mwaka 1947 na 1953, pale ulipoeleza mambo ambayo haukubuniwa kuyaeleza: ukuaji wa fuwele kutoka katika mvuke, tabia ya feleji laini inapoanza kulegea, na nafasi zilizomo kati ya vishimo katika mipaka ya fuwele. Hoja hii ina uzito kwa sababu inagusa kanuni ya ushahidi katika sayansi. Ikiwa kuona ndiko kuthibitisha, basi kazi yote iliyofanywa kabla ya 1956 ilikuwa bahati nasibu. Ikiwa sivyo, hatuna budi kusema ni nini kilichosimama mahali pa macho.

Insha inajikita katika metali na katika kasoro ya mstari. Kasoro za nukta na mipaka ya punje zitatajwa pale tu zinapohitajika kukamilisha maelezo.

2. Kuhusu istilahi

Neno fuwele linatumika kwa mango ambalo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Wavu wa kufikirika unaoonyesha nafasi za atomi hizo unaitwa kimiani. Nguvu inayoziunganisha atomi inaitwa muungo, na kuna aina tatu zinazohusika hapa: muungo wa ioni, kama ule wa chumvi ya mezani, muungo kovalenti, kama ule wa almasi, na muungo wa metali, ambamo elektroni za nje humilikiwa na fuwele nzima kwa pamoja.

Kwa dhana kuu ya insha hii limechaguliwa neno mteguko, kutokana na kitenzi kuteguka. Kiungo cha mwili kilichoteguka hakijavunjika. Mifupa yote ipo, ila imehama mahali pake. Ndivyo ilivyo katika fuwele. Kila atomi iliyo karibu na mteguko ni nzima, lakini ujirani wake na atomi nyingine umevurugika katika mstari unaopita ndani ya fuwele. Mteguko wa ukingo ni ule unaotokea pale safu bapa ya ziada ya atomi inapoishia katikati ya fuwele. Mteguko wa parafujo ni ule ambao tabaka za atomi huuzunguka mstari wake kama hesi za parafujo, hivyo kwamba anayezunguka mzunguko mmoja hujikuta amepanda au ameshuka tabaka moja.

3. Fuwele kamili na nyufa zake za kwanza

Mwaka 1912 mjini Munich, Walter Friedrich na Paul Knipping walipitisha miale ya eksirei katika fuwele, wakifuata wazo la Max von Laue, na wakapata madoa yaliyopangika juu ya sahani ya picha. Jaribio hilo lilithibitisha kwa mara moja mambo mawili: kwamba eksirei ni mawimbi, na kwamba atomi katika fuwele zimepangwa kwa utaratibu. Mwaka uliofuata William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg waliitumia njia hiyo kuonyesha muundo wa chumvi ya mezani. Kila ioni ya sodiamu ilikutwa imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu. Hapakuwa na molekuli ya chumvi iliyojitenga. Matokeo hayo yaliwasumbua baadhi ya wanakemia kwa muda mrefu. Hata mwaka 1927 mwanakemia Mwingereza Henry Armstrong bado aliyapinga kwa kejeli katika jarida la Nature.

Ushindi wa eksirei ulijenga taswira ya fuwele iliyo kamili. Hata hivyo, eksirei zenyewe ndizo zilizoleta ushahidi wa awali dhidi ya taswira hiyo. Mwaka 1914 Charles Galton Darwin alikokotoa ukali wa miale ambayo fuwele kamili ingepaswa kuakisi, na ukali uliopimwa katika fuwele halisi ulizidi sana hesabu hiyo. Maelezo yaliyokubalika baadaye yalikuwa kwamba fuwele halisi ni kama sakafu ya vigae: imeundwa na vipande vidogo vilivyoelekea karibu upande mmoja, lakini si sawasawa. Wataalamu wa eksirei waliichukulia hali hiyo kama usumbufu wa vipimo. Hawakuiunganisha na swali la nguvu za metali.

Swali hilo lilikuwa na historia yake. Mwaka 1899 huko Cambridge, James Alfred Ewing na Walter Rosenhain walisugua vipande vya metali hadi vikang'aa, wakavivuta, kisha wakavitazama kwa hadubini. Waliona mistari mingi iliyokwenda sambamba ndani ya kila punje, wakatambua kwamba ni ngazi ndogo zilizotokana na tabaka za fuwele kuteleza juu ya nyingine. Ugunduzi huu ulikuwa muhimu kwa sababu ulionyesha kwamba metali inayopindwa hubaki fuwele. Lakini haukueleza kwa nini metali huwa ngumu zaidi kadiri inavyofuliwa baridi, jambo ambalo kila mhunzi alilijua. Rosenhain mwenyewe aliegemea baadaye katika wazo kwamba kati ya punje, na penye mitelezo, hutokea maada isiyo na mpangilio wa fuwele inayofanya kazi kama gundi. Kwa miaka mingi wazo hilo lilikuwa mshindani mkuu wa kila maelezo mengine.

4. Tofauti ya mara elfu

Maendeleo yalihitaji fuwele moja kubwa, kwa maana metali ya kawaida ni mkusanyiko wa punje nyingi zenye mielekeo tofauti. Mwaka 1921 Harold Carpenter na Constance Elam wa London walichapisha njia ya kukuza fuwele moja ya alumini yenye ukubwa wa kuweza kuvutwa katika mashine ya majaribio. Mwaka 1923 Elam alishirikiana na Geoffrey Ingram Taylor kupima jinsi fuwele hizo zinavyobadilika umbo. Waligundua kwamba alumini huteleza katika bapa ambazo atomi zimesongamana zaidi, na kuelekea upande ambao atomi zimekaribiana zaidi. Wakati huohuo mjini Berlin, Hermann Mark, Michael Polanyi na Erich Schmid walikuwa wakifanya kazi ya aina hiyo kwa zinki.

Inafaa kusimama kidogo juu ya jina la Elam. Makala za Taylor za 1934 hazieleweki bila mfululizo wa vipimo vya miaka ya 1920 vilivyotegemea ustadi wake wa kukuza fuwele. Mwaka 1935 alichapisha kitabu kizima juu ya kubadilika umbo kwa fuwele za metali. Hata hivyo masimulizi ya kawaida humtaja Taylor peke yake, labda kwa sababu historia ya nadharia huhesabu aliyetoa wazo na kumsahau aliyetengeneza kitu ambacho wazo lilipimwa kwacho. Tutakutana naye tena kwa jina la Tipper, jina la ndoa yake.

Vipimo vya fuwele moja vilileta fumbo. Mwaka 1926 Yakov Frenkel wa Leningrad alichapisha hesabu fupi. Tuchukue safu mbili za atomi, moja juu ya nyingine. Ili safu ya juu itelezeshwe kwa hatua moja, kila atomi yake lazima ipande juu ya atomi iliyo chini na kuangukia bonde linalofuata. Nguvu inayohitajika huongezeka, hufikia kilele, kisha hupungua, na ukali wa mwinuko wake wa mwanzo unajulikana kutokana na kipimo cha unyumbufu wa metali. Hesabu hiyo inatoa kilele kinachokaribia sehemu moja ya sita ya kipimo cha unyumbufu wa mtelezo. Kwa alumini, ambayo kipimo chake ni takriban megapaskali 26,000, mkazo unaohitajika ungekuwa kama megapaskali 4,000. Fuwele halisi ya alumini safi huanza kuteleza kwa mkazo wa takriban megapaskali 1.

Tofauti ya maelfu haiwezi kuondolewa kwa kurekebisha hesabu. Hata kama umbo la mwinuko lingebadilishwa, jibu lingepungua kwa mara chache tu. Kwa hiyo ama nadharia ya muungo wa metali ilikuwa na hitilafu kubwa, ama tabaka hazitelezi kwa namna ambayo Frenkel aliidhania, yaani atomi zote kwa pamoja. Kielelezo cha njia ya pili kilikuwapo tayari. Mwaka 1921 Alan Arnold Griffith, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege huko Farnborough, alionyesha kwamba kioo huvunjika kwa urahisi kwa sababu ya nyufa ndogo zinazokusanya mkazo kwenye ncha zake, na kwamba nyuzi za kioo huwa na nguvu zaidi kadiri zinavyokuwa nyembamba. Taylor aliwahi kufanya kazi na Griffith huko Farnborough. Somo alilolipata lilikuwa wazi: udhaifu wa kitu kizima unaweza kutoka katika kasoro ndogo iliyomo ndani yake.

5. Mwaka 1934

Taylor aliwasilisha nadharia yake katika jarida la Royal Society la London. Egon Orowan na Michael Polanyi walichapisha zao katika Zeitschrift für Physik, katika juzuu moja, makala ya mmoja ikifuata ya mwingine. Wazo la msingi lilikuwa moja. Mtelezo hauanzi mahali pote kwa wakati mmoja. Huanza mahali fulani na kusambaa, na mstari unaotenga sehemu iliyokwisha kuteleza na ile ambayo bado ndio mteguko. Mtu anayetaka kusogeza jamvi refu sakafuni hahitaji kulivuta lote. Akikunja mkunjo mdogo upande mmoja na kuusukuma hadi upande wa pili, jamvi zima litakuwa limesogea kwa upana wa mkunjo huo, na kwa nguvu kidogo sana. Mteguko ni mkunjo wa aina hiyo ndani ya fuwele. Unapopita, safu moja tu ya miungo hukatika na kuungana upya kwa kila hatua.

Masimulizi yanayosema kwamba watatu hao waligundua kila mmoja kwa kujitegemea yanahitaji marekebisho. Orowan na Polanyi walifahamiana mjini Berlin na walijua kwamba wazo lao ni moja. Ndiyo maana makala zao zilipangwa kutoka pamoja. Zaidi ya hayo, kufikia mwaka 1934 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bado Berlin. Baada ya Wanazi kutwaa madaraka mwaka 1933, Polanyi alihamia Manchester, na Orowan akarudi Budapest. Taylor ndiye aliyelifikia wazo hilo bila wao, na kwa lengo tofauti. Orowan alivutiwa na jinsi fuwele ya zinki inavyorefuka kwa mirukomiruko. Taylor alitaka kueleza ugumu unaoongezeka kwa kufuliwa. Alijua, kutokana na vipimo alivyovifanya na wenzake, kwamba sehemu ndogo ya kazi inayotumika kupinda metali haitoki kama joto bali hubaki ndani yake. Nadharia yake ilisema kwamba nishati hiyo imehifadhiwa katika miteguko, na kwamba kila mteguko huvuta au kusukuma mwenzake, hivyo inapozidi huzuiana.

Swali la haki ya kuamini linaanzia hapa. Makala za 1934 ziliondoa fumbo la Frenkel, lakini zilifanya hivyo kwa kubuni kitu ambacho kazi yake pekee ilikuwa kuliondoa. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya jibu moja hakijathibitishwa na jibu hilo. Isitoshe, nadharia ilibaki na matatizo ya wazi. Haikusema miteguko inatoka wapi. Haikusema kwa nini metali iliyopindwa sana, ambayo miteguko yake ingepaswa kuwa imekwisha kutoka nje ya fuwele, huendelea kupindika. Haikuweza kutoa hesabu ya mkazo unaohitajika kusogeza mteguko mmoja. Mtaalamu wa metali aliyesita kuukubali mwaka 1935 hakuwa mkaidi, alikuwa mwangalifu.

6. Miaka ya maandalizi, 1935–1946

Miaka iliyofuata haikuwa mitupu, ingawa vita viliipunguza kasi ya kazi. Mwaka 1939 Jan Burgers wa Delft, aliyekuwa mtaalamu wa mwendo wa vimiminika, aliifanya dhana hiyo kuwa ya jumla. Alionyesha kwamba mteguko wa ukingo ni hali moja tu. Kuna pia mteguko wa parafujo, na mstari mmoja unaweza kuwa wa aina zote mbili katika sehemu zake tofauti. Kipimo cha uhamisho, ambacho leo kinaitwa vekta ya Burgers, hakibadiliki popote katika mstari huo. Katika kazi yake aliitumia hisabati ambayo Vito Volterra wa Italia aliichapisha mwaka 1907 kwa ajili ya miili yenye unyumbufu, pasipo kufikiria fuwele kabisa. Burgers alipendekeza pia kwamba mpaka kati ya vipande viwili vya fuwele vilivyopishana kwa pembe ndogo si kitu kingine bali safu ya miteguko iliyopangwa kwa nafasi sawa. Pendekezo hili halikuwa na njia ya kupimwa wakati huo. Lilikuja kuwa mtihani mkali wa nadharia nzima.

Mwaka 1940 Rudolf Peierls, kwa kuchochewa na Orowan ambaye alikuwa amefanya kazi Birmingham, alikokotoa mkazo unaohitajika kusogeza mteguko mmoja katika kimiani. Mwaka 1947 Frank Nabarro alisahihisha hesabu hiyo. Jibu linategemea sana upana wa sehemu iliyovurugika, na hapa ndipo nadharia ya kasoro ilipokutana na nadharia ya miungo. Muungo wa metali hauna mwelekeo maalumu. Atomi inaweza kubadili majirani kwa gharama ndogo, vurugu huenea katika atomi nyingi, na mteguko husogea kwa urahisi. Muungo kovalenti una mwelekeo maalumu. Vurugu hubaki nyembamba, na mteguko hukwama. Ndiyo sababu shaba hufulika na almasi hupasuka, ingawa zote mbili ni fuwele na zote mbili zina kasoro.

Vita vilileta pia ukumbusho wa gharama ya kutojua. Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za aina ya Liberty, na baadhi yake zilipata nyufa kubwa. Mwezi Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, ya aina nyingine, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini kwenye maji matulivu. Lawama ilielekezwa kwanza kwa uchomeleaji. Constance Tipper alionyesha huko Cambridge kwamba chanzo kikubwa kilikuwa feleji yenyewe, ambayo inapopoa chini ya joto fulani huacha kufulika na kuanza kupasuka. Maelezo ya kiatomi ya mabadiliko hayo yalikuja baadaye: katika chuma, joto linapopungua miteguko husogea kwa shida, na mkazo ambao ungepunguzwa na mtelezo huishia kufungua ufa.

7. Bristol na ushahidi wa mambo yasiyotarajiwa

Baada ya vita mijadala ilipamba moto, hasa katika Chuo Kikuu cha Bristol chini ya Nevill Mott. Katika miaka michache nadharia ilipata mafanikio matatu ambayo, kwa maoni ya insha hii, ndiyo yaliyoipa haki ya kuaminiwa.

La kwanza linahusu feleji laini. Waya wa feleji hiyo unapovutwa, hustahimili hadi kikomo fulani, kisha hulegea ghafla na kuendelea kurefuka kwa mkazo mdogo zaidi. Alan Cottrell, na baadaye Cottrell pamoja na Bruce Bilby katika makala yao ya 1949, walieleza kwamba atomi za kaboni huvutwa na nafasi iliyopanuka karibu na mteguko na kukusanyika hapo kama wingu. Mteguko hufungwa na wingu hilo hadi mkazo unapotosha kuunyofoa. Ukishanyofolewa, husogea kwa urahisi. Nadharia ilitabiri pia muda na joto vinavyohitajika ili kaboni irudi na kikomo kijirudie, na kasi hiyo ilikuwa ile ya kaboni kusafiri ndani ya chuma, iliyoweza kupimwa kwa njia nyingine kabisa.

La pili linahusu ukuaji wa fuwele. Ili tabaka jipya la atomi lianze juu ya uso laini wa fuwele, lazima kwanza kiundwe kisiwa kidogo, na nadharia ilionyesha kwamba kisiwa hicho hakiwezi kuundwa isipokuwa mvuke uzidi kiwango chake cha kushiba kwa makumi ya asilimia. Lakini fuwele za iodini zilikuwa zimepimwa zikikua katika mvuke uliozidi kiwango hicho kwa kiasi cha asilimia 1 tu. Mwaka 1949, katika mkutano wa Faraday Society uliofanyika Bristol, Charles Frank alitoa jibu: uso wenye mteguko wa parafujo una ngazi isiyokwisha. Atomi zinazoongezwa kwenye ngazi hiyo huifanya izunguke, na hakuna haja ya kuanza tabaka jipya kamwe. Utabiri wake ulikuwa kwamba nyuso za fuwele zinapaswa kuwa na ngazi zenye mzunguko wa konokono. Katika mkutano huohuo L. J. Griffin alionyesha picha za uso wa fuwele ya berili zenye mizunguko hasa ya aina hiyo. Dhana iliyobuniwa kueleza kwa nini metali hupindika ilikuwa imetabiri umbo la uso wa jiwe.

Frank ndiye pia, pamoja na Thornton Read wa Marekani, aliyejibu swali la chanzo cha miteguko. Katika makala yao ya 1950 walionyesha kwamba kipande cha mteguko kilichoshikwa pande zote mbili hupinda kama upinde chini ya mkazo, huzunguka, hujikata, na kuachia pete kamili ya mteguko huku chenyewe kikibaki kama kilivyokuwa. Hivyo kinaweza kurudia kazi hiyo mara nyingi.

La tatu lilitoka katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1953. F. L. Vogel na wenzake waliuweka uso wa jerimaniamu katika asidi, wakaona kwamba mpaka wa pembe ndogo umegeuka mstari wa vishimo vilivyopishana kwa nafasi sawa. Ikiwa Burgers alisema kweli, nafasi kati ya kishimo na kishimo lazima iwe sawa na urefu wa vekta ya Burgers ukigawanywa kwa pembe ya mpaka. Walipima nafasi kwa hadubini na pembe kwa eksirei. Namba hizo zilikubaliana. Hapa hapakuwa na kigezo cha kurekebisha: vipimo viwili vilivyopatikana kwa njia mbili zisizohusiana vilifungwa na sharti lililoandikwa miaka 14 kabla.

Ushahidi mwingine ulikuja kwa njia ya kinyume. Mwaka 1952 Conyers Herring na John Galt walipima nyuzi nyembamba sana za bati, zinazoota zenyewe kama nywele juu ya metali, na wakakuta kwamba nguvu zake zinakaribia zile za hesabu ya fuwele kamili. Palipokosekana miteguko inayoweza kusogea, Frenkel alikuwa sahihi.

8. Picha za 1956 na maana ya kuona

Mwaka 1956 Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan walitazama vipande vyembamba vya alumini kwa hadubini ya elektroni katika maabara ya Cavendish, wakaona mistari miembamba, kisha wakaiona ikisogea. Mwaka huohuo Walter Bollmann wa Geneva aliona miteguko katika feleji isiyoshika kutu. Pingamizi kubwa dhidi ya hoja ya insha hii ni kwamba tukio hilo ndilo lililomaliza ubishi, na kwamba kila kilichotangulia kilikuwa makisio.

Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Mwendo wa mistari ulikuwa na nguvu ya pekee, kwa sababu haukuweza kuelezwa kama dosari ya kipande au ya lenzi. Picha hizo pia zilifungua njia ya kuhesabu na kupima miteguko. Hata hivyo mambo mawili yanalipunguzia uzito. Kwanza, mwaka 1949 Robert Heidenreich wa maabara za Bell alikuwa amekwisha kutazama vipande vyembamba vya alumini kwa hadubini ya elektroni, akaona mipaka ya punje ndogo, lakini hakuitambua miteguko. Macho pekee hayakutosha. Pili, mstari mweusi katika picha ya elektroni si mteguko wenyewe. Ni athari ya kimiani kilichopinda juu ya mawimbi ya elektroni. Nadharia kamili ya kuusoma weusi huo iliendelezwa na kundi la Cambridge katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo wale walioona mwaka 1956 waliona kwa msaada wa kile ambacho tayari walikuwa na sababu nzuri za kukiamini.

9. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya mteguko ina hatua tatu, si mbili. Mwaka 1934 dhana ilitolewa kama jibu la fumbo moja, na shaka juu yake ilikuwa halali. Kati ya 1947 na 1953 dhana ileile iliunganisha mambo yaliyokuwa mbalimbali, na katika baadhi ya mambo hayo ilifungwa na namba ambazo haikuwa na uwezo wa kuzigeuza. Mwaka 1956 ilionekana, na kuonekana huko kuliigeuza kutoka maelezo kuwa chombo cha kila siku cha maabara. Kilichosimama mahali pa macho katika hatua ya pili ni makubaliano ya njia zisizohusiana.

Kuna funzo pia katika neno kasoro lenyewe. Wahenga walisema kwamba kizuri hakikosi ila, wakimaanisha kwamba hatuna budi kuvumilia upungufu. Kwa upande wa metali, msemo huo unapaswa kwenda mbali zaidi. Fuwele ya chuma isiyo na mteguko hata mmoja isingefuliwa kuwa jembe kwa nyundo yoyote ya mhunzi, na ingepofikia kikomo chake ingepasuka bila onyo. Kufulika kwa metali, ugumu wake unaoongezeka kwa kupigwa, na uwezo wake wa kupunguza mkazo kabla ya kukatika, vyote hutegemea mistari hiyo ya vurugu.

Kwa mwalimu wa sayansi, pendekezo linalotokana na uchunguzi huu ni kwamba mteguko ufundishwe pamoja na ushahidi wa Bristol na wa jerimaniamu, si pamoja na picha peke yake. Mwanafunzi anayeonyeshwa picha tu hujifunza kwamba kitu kipo. Mwanafunzi anayeonyeshwa jinsi pembe iliyopimwa kwa eksirei ilivyokubaliana na nafasi za vishimo vilivyochorwa na asidi hujifunza pia kwa nini tuna haki ya kusema hivyo.